Mama Dudh

Katika kipande chetu cha Mugunga, pembeni mwa Goma, maziwa hayaitwi tena maziwa. Mtu akija asubuhi na kikombe chake anasema dudh. Watoto wanasema dudh, mwalimu wa katekisimu anasema dudh, hata jirani yangu Mama Lucie, mwanamke ambaye hajakubali jambo jipya tangu azaliwe, anasimama nje ya ua wangu na kuita, "Mama Dudh, iko?" Wananiita hivyo kwa mapenzi. Kuna siku nilitamani kuwapiga wote kwa kifuniko cha bidoni, dumu langu la maziwa.

Neno hilo mwanangu Paulin aliliokota mbali sana, likatufikia kwa simu. Siku lilipofika, mume wangu Havugimana alichukua bidoni nzima ya maziwa niliyokuwa nimeyanunua nikayauze, akayagawa bure kwa mtaa mzima. Hakuna aliyekunywa kabla ya kulitamka. Bibi mmoja asiye na meno alijaribu mara nne, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilinuna siku tatu kwa ajili ya ile bidoni. Leo naililia ile hasira yangu. Ilikuwa hasira ya mwanamke mwenye mtoto.

Sisi ni watu wa ng'ombe, wa milima ya Masisi. Mume wangu hakusoma. Shule yake ilikuwa malisho. Ujanani aliswaga ng'ombe za watu mpaka Rutshuru, akipita Kalengera, akapanda nazo mpaka kwa Wanande, na kila alipoingia kijiji kigeni hakuuliza kwanza njia wala mahali pa kulala. Aliuliza, hapa maziwa mnayaitaje? Aliyeulizwa alicheka, akataja, na mara nyingi akamletea. Kwa Havugimana mambo yaliishia hapo. Mtu akishakupa maziwa umekuwa mgeni wake, na hakuna ubaya utakaokupata kwake. Nimeishi naye miaka thelathini na mbili na sijaweza kumtoa katika imani hiyo, ingawa watu waliotupora ng'ombe walikunywa maziwa kwetu kwanza, tena kwenye vikombe vyangu vizuri.

Mungu alitupa mtoto mmoja tu, Paulin. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali na wa kulia upesi. Alipokuwa na miaka tisa, ng'ombe wetu mmoja aitwaye Gaju alifiwa na ndama wake. Ng'ombe aliyefiwa hufunga maziwa. Hata umbembeleze vipi hatoi, kiwele kinavimba mpaka anaugua. Basi Havugimana akafanya kama wafanyavyo wachungaji: akamchuna yule ndama, akaijaza ngozi majani makavu, akaishona, akaisimamisha mbele ya Gaju. Gaju akanusa, akanusa tena, kisha akaanza kuilamba, na maziwa yakashuka. Paulin alilia siku nzima na akakataa kuyanywa.

"Papa, munamudanganya," alisema.

"Heri adanganywe kuliko agonjwe," baba yake akamjibu.

Mtoto hakuridhika. Lakini kesho yake nilimwona amesimama karibu na Gaju, ameishika ile ngozi kwa mikono miwili, maana upepo ulikuwa unaiangusha.

Alikua, akasomea kutibu mifugo, akapata diploma yake mwaka uleule tulioporwa ng'ombe wote na kukimbilia Goma. Daktari wa ng'ombe asiye na ng'ombe hata mmoja wa kumtibu. Alikuwa akizunguka Mugunga akitazama mbuzi za watu meno bila kuombwa. Vijana wenzake walikuwa wanachukuliwa na wenye bunduki, wengine kwa kupenda, wengine kwa kufungwa kamba, na mimi kila alipochelewa nilikuwa nasimama njiani kama mwendawazimu. Aliposema anataka kuondoka, kwenda mbali kabisa, huko ambako mwenzake wa shule alikuwa amefika, sikumzuia. Hilo ninalo moyoni. Sikumzuia.

Siku ya kuondoka baba yake alimwambia: "Usinitumie photo. Photo inadanganya, mutu anaweza kucheka mbele ya photo na njaa inamuua. Kila mahali utafika, unitumie jina ya maziwa ya kule. Ila unywe kwanza. Usinitumie jina yenye haujakunywa. Nikisikia jina nitajua ulipata mutu."

"Na nikikosa maziwa, Papa?"

"Basi unyamaze, utembee mbele."

Ndiyo sheria waliyowekeana, baba na mwana, na mimi nikawaona wote wawili wajinga. Mama hataki jina la maziwa. Mama anataka kujua mtoto amevaa nini na analala wapi.

Lakini majina yakaanza kuja, na Mungu anisamehe, nilianza kuyangoja. Kutoka Zambia akasema, "Papa, huku ni mukaka," na kwamba alipewa na mwanamke mmoja wa sokoni, yaliyoganda, kwenye bakuli la plastiki. Kutoka Luanda, "Huku ni leite. Ni ya poda, Papa, ila nilikunywa." Alivuka bahari kwa ndege, akatua Brazil, akasema huko neno ni lilelile la Luanda ila wao wanalitafuna, leichi, leichi, na akacheka kwenye simu. Alikaa kule miezi saba akichinja kuku kiwandani. Kisha akaanza kupanda kwenda kaskazini, kwa basi na kwa miguu, na kutoka nchi ya milima mirefu akasema, "Huku ni leche. Papa, mwenye alinipa ana ng'ombe mbili, moja inafanana na Gaju." Baba yake alirudia kulisikiliza hilo la Gaju mpaka nikamnyang'anya simu tuweze kula.

Jioni mume wangu aliketi kwenye kibao chake mlangoni, akayataja majina kwa mpangilio, kama zamani alivyokuwa akiwaita ng'ombe zizini kwa majina yao: amata ya lugha yetu, maziwa, mukaka, leite, leichi, leche. Watoto wa jirani wakamjibu. Ndivyo mtaa wetu ulivyoanza ugonjwa huu.

Kisha Paulin akatutumia ujumbe wa sauti kutoka mji mdogo wa pwani, huko Kolombia. Haukuwa na jina jipya. Alisema kesho wanavuka kwa mtumbwi, kisha wanaingia pori kubwa lisilo na barabara, siku sita kwa miguu, na upande wa pili kuna nchi nyingine. Alisema wako wengi: Wahaiti, Wavenezuela, wanawake wenye watoto mgongoni, na Wahindi kadhaa, mmoja ana kilemba na anamfundisha maneno njiani. Alisema mvua imeanza. "Mama, nilinunua buti," alisema, kwa sababu ananijua.

Siku sita zikapita, zikawa kumi, zikawa kumi na saba. Siku ya kumi na nane, saa nne asubuhi, simu ikalia.

Ujumbe huo wa sauti ni wa sekunde ishirini na moja, na ninaujua kuliko ninavyojua Baba Yetu. Kwanza kuna mlio wa kitu cha majimaji kinachotiririka. Halafu sauti yake, ya chini, ya polepole: "Papa, ni mimi. Huku maziwa banaita dudh. Nilishakunywa. Nilishiba. Mama asiniwaze tena." Nyuma yake kuna mwanamume anasema kitu kwa lugha ya kigeni, anarudia, uth, uth, na kitu kirefu baada ya hapo. Kisha basi.

Mimi nilitaka kujua kwa nini sauti yake iko hivyo. Havugimana akasema ni usingizi wa mtu aliyeshiba. Nikauliza na ule mlio? Akasema ni maziwa, wanakamua. Nikauliza yule mwanamume? Akasema, ni mwenye nyumba, anamwambia kunywa, kunywa, uongeze. Alijibu kila swali bila hata kuvuta pumzi. Tukapiga simu ya Paulin. Ikaita mara mbili, ikakatika. Nilimwandikia, na ujumbe wangu ukafika. Kwa siku tisa kila nilichoandika kilifika na hakuna kilichojibiwa, kisha hata kufika kukaacha.

Siku ileile lilipofika, mume wangu akalichukua lile neno mpaka kwenye lango la askari wa Umoja wa Mataifa. Mmoja wao, Mhindi, aliposikia dudh alitabasamu, akaonyesha kwa mikono mtu anayekamua. Havugimana alirudi mbio, mzee mzima, miguu imejaa vumbi jeusi la mawe ya volkano.

"Mutoto iko Inde," akasema. "Mama Paulin, unajua Inde? Kule ngombe hawachinje. Ngombe inalala mu barabara na gari inangoja. Paulin wetu alifika kwa batu ya ngombe."

Hapo ndipo bidoni yangu ilipokwisha. Mimi nikamuuliza mtu aliyekuwa anaingia pori la Kolombia amefikaje India. Akaazima ramani ya shule ya parokia, akaitundika ukutani, akanionyesha. Kolombia upande huu, India upande ule. "Dunia ni muviringo," akasema. "Ukitembea tu upande wa kushuka kwa jua, unatokea Inde." Mtu ambaye hajawahi kuvuka hata ziwa Kivu. Nilimwambia mambo mabaya siku hiyo, sitayarudia hapa.

Tangu hapo akanikataza kulia. Ukimlilia mtu aliye hai unamwita mauti, alisema. Akinikuta nimeinama juu ya bidoni macho mekundu, anasimama mlangoni na kuuliza nalilia nini na mtoto ameshiba. Alikuwa mpole katika kila jambo, isipokuwa hilo. Mwaka mmoja na miezi mitatu nimenyimwa kulia katika nyumba yangu mwenyewe. Nilijifunza kulia juu ya pikipiki, nikipeleka maziwa Himbi, kwa sababu kwenye pikipiki kila mtu hutoka machozi.

Januari, vita vilipoingia mjini, tulilala chini siku tatu, mabati yakitobolewa juu yetu. Havugimana alilala kifudifudi juu ya simu, ameibana tumboni kama kifaranga. Risasi zilipotulia na kambi zote za wakimbizi za jirani kubomolewa, watu wakirudishwa vijijini na magodoro yao kichwani, yeye alikuwa ameshatafuta mahali pa kuchaji. Kila jioni kabla ya sala alicheza zile sekunde ishirini na moja. Na kila jioni mimi nilitoka nje kuosha kitu kilichokwisha oshwa.

Kilichotufikisha hapa ni betri. Ilivimba mpaka mgongo wa simu ukaachana, na wiki iliyopita ikawa inazima katikati ya neno. "Nilisha—" halafu giza. Mume wangu alijaribu kuubana mgongo wa simu kwa mikono miwili. Akaniomba niipeleke kwa Papa Solaire.

Papa Solaire ni mfanyabiashara Mhindi anayekaa Himbi, karibu na ziwa. Ana duka la paneli za jua na betri, ndiyo maana watu walimpa jina hilo. Ni mteja wangu wa zamani. Nyumba yake haili nyama, kwa hiyo inakunywa maziwa kuliko wateja wangu wote, na mkewe hunusa kila bidoni kabla ya kupokea, jambo ambalo lilinikera miaka miwili nikalizoea. Mtu atauliza kwa nini sikumpelekea ule ujumbe tangu zamani, nami nilikuwa nafika mlangoni kwake kila siku. Jibu ninalo. Niliogopa. Nilikuwa namsema mume wangu kwa ramani yake, kumbe mimi nami nilikuwa na India yangu, ndogo, nimeificha.

Jumanne mchana nilimkuta barazani. Akaitoa ile betri iliyovimba kwa kisu kidogo, akaweka nyingine, akawasha. Akasema tujaribu sauti. Nikafungua ule ujumbe, kwa sababu ndani ya simu ile hakuna sauti nyingine ninayoijua.

Alisikiliza akiwa bado anafuta mikono. Kisha akaacha kufuta.

"Weka tena, mama," akasema. Nikaweka. Akavua miwani. "Huyu mutu wa nyuma ni nani?"

"Ni mwenye nyumba. Mwenye alimupa maziwa."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Bwana yangu."

Akamwita mkewe kwa lugha yao, mkewe akaleta chai ya maziwa, maziwa yangu mwenyewe, na kiti. Mtu akikuletea kiti kabla ya kusema, unajua. Nikamwambia nitasimama.

"Ikala, Mama Paulin."

Nikakaa.

"Huyu hasemi lugha ya kwetu kabisa, ni mutu wa kaskazini," akasema. "Ila ninamusikia. Uth ni amuka. Anasema, amuka ndugu yangu, amuka. Bengine bote balienda. Maji iko napanda."

Nilimtazama mkewe. Alikuwa ameshika ukingo wa nguo yake.

"Na dudh?" nikauliza.

"Dudh ni maziwa, kweli. Ila ule mutu hasemi maziwa hata mara moja. Maziwa ni mutoto wako njo anasema."

Basi nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Mlio ule ulikuwa mto. Yule mwanamume ni wa kilemba, aliyekuwa anamfundisha maneno njiani. Mwanangu alikuwa amemuuliza swali la baba yake, huku kwenu maziwa mnayaitaje, akapewa neno bila maziwa, akaliweka. Hakulituma. Alijua sheria, hakuwa amekunywa. Akalibeba porini pamoja na buti zake mpaka mahali ambapo miguu ilikataa.

"Pengine aliamuka," nikasema. "Juu message ilifika. Mu pori simu haishike, hamuna réseau. Basi alitoka."

Papa Solaire aliigeuza ile betri iliyovimba kiganjani. Ni mtu wa biashara, amezoea kuwaambia watu kwamba kitu chao hakitengenezeki, na niliona anatafuta njia nyingine ya kusema.

"Message inangoja ndani ya simu, mama. Simu ikifika penye réseau, message inaondoka yenyewe."

"Basi alifika penye réseau."

"Simu ilifika," akasema.

Kwa hiyo mtu wa kilemba aliichukua akaitoa porini. Siku tisa alikuwa anaona maandishi yangu yakiingia, Paulin umekula, Paulin jibu mama yako, kwa lugha asiyoijua, mpaka moto wa betri ukaisha. Simchukii. Nimejaribu. Alisimama pale maji yakipanda akamwambia amka, amka, na mimi sikuwapo kumwambia.

Chai ilipoa. Papa Solaire alikataa malipo ya betri, na mkewe akanishika mkono mpaka barabarani. Njiani kurudi, juu ya pikipiki, sikutoka hata chozi. Niliwaza jambo moja tu, kwamba sasa nitamwambia Havugimana, kwamba namvunjia India yake kwa mikono yangu, na kwamba hiyo itamuua. Nilifikiria kunyamaza. Mimi ninayegombana na kila mtu sokoni nilifikiria kumwambia kwamba mwenye nyumba anasema kunywa, kunywa.

Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba, anasugua bidoni kwa maji ya moto. Kazi hiyo aliichukua mwenyewe tangu alipobaki bila ng'ombe. Jua lilikuwa bado juu, kama saa tisa.

"Betri?" akauliza.

"Aliweka."

"Sauti inatoka?"

"Inatoka." Nikaona kwamba nikikaa sitasema, kwa hiyo nikasema nimesimama. "Papa Paulin, ule mutu hasemi kunywa. Anasema amuka. Anasema maji iko napanda na bengine balienda. Ule mulio ni muto. Paulin hakufika Inde. Hakutoka mu pori. Ni simu njo ilitoka."

Aliendelea kusugua. Alisugua bidoni ile ndani, akaisugua shingo, akamwaga maji, akatazama chini ya bidoni kama kuna uchafu. Nilidhani hakusikia, au akili imekataa.

"Mama Paulin," akasema, "nilikamua ngombe miaka makumi ine. Unazani sijue mulio ya maziwa?"

Niliketi chini, juu ya mawe, si kwa kupenda.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na bidoni yangu? Na ile karte ya dunia? Na Inde?" Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuweza kuishusha. "Ulikimbia mpaka kwa baaskari. Ulifundisha mutaa muzima. Bananiita Mama Dudh, Havugimana. Kila asubuhi bananiita vile na wewe unajua." Sikuwa nimemwita kwa jina lake tangu Paulin azaliwe.

"Njo," akakubali.

"Ulininyima kulia. Mwaka muzima na miezi tatu. Mutoto wangu alikufa na ulininyima kulia."

Aliweka bidoni chini. Mikono yake ilikuwa imevimba kwa maji ya moto, na hakujua aiweke wapi.

"Alisema, mama asiniwaze tena," akasema. "Ulisikia. Hiyo njo kitu ya mwisho aliniomba. Alivunja sheria yangu juu ya ile, alisema alikunywa na hakukunywa, yeye mwenye hakunidanganya hata siku moja. Ningefanya nini? Alituwekea ngozi ya ndama, Mama Paulin. Alisimamisha ngozi mbele yetu, alafu alienda. Mimi niliishikilia tu isianguke."

Nikamkumbuka mwanangu wa miaka tisa katika upepo wa Masisi, ameikumbatia ile ngozi iliyojaa majani, ambaye jana yake alikuwa amelia kwamba tunamdanganya ng'ombe.

"Gaju hakujua," nikasema. "Gaju ni ngombe."

"Gaju alijua. Ngombe inajua harufu ya mutoto yake. Siku ya kwanza alinusa, akanitazama, mimi, akajua. Alafu akalamba." Akajipangusa uso kwa mkono wenye maji. "Kila jioni nilikuwa ninaweka ile sauti na ninajua. Lakini anasema nilishiba. Mutoto wangu anasema nilishiba. Sikuweza kuacha kusikia."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kukilaza kichwa chake mapajani mwangu. Sikufanya lolote kati ya hayo; nilikaa palepale juu ya mawe, kanga yangu imelowa maji ya bidoni, na niliwaza kwamba miezi yote hiyo nilitoka nje kila jioni ili nisimwone akiamini, na yeye alikuwa amebaki ndani, peke yake na simu, na anajua.

"Sasa lia," akaniambia. "Mimi nilichoka kushikilia."

Lakini machozi hayaji kwa kuitwa. Tukakaa hivyo, wazee wawili na bidoni tano tupu, mpaka tukasikia viatu vya Mama Lucie vikija juu ya mawe ya volkano, na sauti yake nje ya ua, ileile ya kila siku, akidai maziwa ya chai ya saa kumi.

"Mama Dudh, iko?"

Havugimana akainuka, taratibu, akajishika kiuno, akaenda mpaka kwenye ua.

"Leo haiko, Mama Lucie," akasema. "Wacha kikombe hapo. Ingia uikale na mama. Paulin wetu alikufa."

Hapo ndipo nikalia.